Tairi la Mbele: Tafakari ya Majilio Wakati wa Mvua



 Juma hili nawaletea jambo ambalo huenda hamkutarajia kulisoma kutoka kwa Padri wenu, yaani tairi la baiskeli. Naomba msicheke kabla ya kufika mwisho. Katika jimbo letu la Rulenge-Ngara, Neno la Mungu limefika vijijini kwa miguu, kwa pikipiki, kwa gari pale penye gari, na kwa sehemu kubwa sana kwa baiskeli ya katekista. Anayejali Neno hilo hana budi kujali pia kile kinachogusana na ardhi linapobebwa.

Sisi tunaokaa upande huu wa Nyabusozi tunaijua vyema ardhi yetu. Wanaosikia Kihangaza na lugha jirani husikia ndani ya jina hilo neno la mlima, na njia zetu zinalithibitisha jina. Ni kupanda na kushuka, kupanda na kushuka. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, udongo wetu mwekundu huwa mgumu kama sakafu, na vumbi lake huingia hata kwenye kurasa za Misale. Mvua za vuli zikianza, udongo ule ule hugeuka. Juu hufanyika utando laini wa mfinyanzi uliolowa, na chini yake hubaki tabaka gumu. Anayekanyaga huteleza juu ya tabaka hilo kama aliyekanyaga sabuni. Katika mabonde hakuna hata tabaka la kutelezea, kwani tope humeza gurudumu.

Wenzetu wa nchi za kaskazini wana majira ya baridi, na waendesha baiskeli wa huko hujiuliza kila mwaka wavalishe magurudumu yao matairi gani kabla ya theluji kuanguka. Sisi hatuna theluji, lakini swali lao ni letu pia. Majira yanapobadilika, kile kilichokufaa jana kinaweza kukuangusha leo.

Kamati yetu ya fedha ilikutana kabla ya mvua kuanza ili kuamua juu ya kiasi kidogo kilichobaki katika sadaka ya mavuno. Tuna makatekista wanane wanaotumia baiskeli kwenda vigangoni. Fedha ile ilitosha kununua matairi kumi na sita ya kawaida, yaani mawili kwa kila mmoja, au matairi manane yaliyo bora zaidi. Mnaweza kuona jinsi hesabu hiyo ilivyo ngumu. Kugawa moja moja kungeonekana ni ubahili, na kugawa mawili mawili ya hafifu kungeonekana ni ukarimu. Wajumbe waligawanyika.

Jambo lenyewe halikuwa la mahesabu tu. Wakati wa masika iliyotangulia, mmoja wa makatekista hao alikuwa anateremka alfajiri ya Dominika kwenda kuongoza Ibada ya Neno katika kigango kisicho na Misa siku hiyo. Kwenye kona ya mteremko gurudumu la mbele lilimkimbia ubavuni, naye akaanguka juu ya bega. Mtulinga ulivunjika. Waamini walingoja chini ya paa la bati hadi saa nne, kisha mama mmoja akaanzisha Rozari, wakasali wote na kurudi makwao. Kwa muda wa majuma mengi kigango kile kilitegemea katekista wa jirani, ambaye naye ana mzigo wake. Baiskeli ilipoletwa kwa fundi, tuliona kwamba tairi la nyuma lilikuwa jipya kabisa, lenye meno makali. La mbele lilikuwa kipara.

Nilipomsimulia jambo hili Padri mwenzangu aliye masomoni Ujerumani, katika mji wa Münster, aliniandikia barua pepe ndefu. Münster ni mji wa kiaskofu wa tangu kale, wenye chuo kikuu chenye kitivo cha Teolojia ya Kikatoliki, na unajulikana Ujerumani nzima kwa wingi wa baiskeli. Maprofesa, masista na wanafunzi wote huziendesha. Aliniambia kwamba majira ya baridi ya huko huleta mvua nyingi kuliko theluji, lakini asubuhi nyingine maji ya barabarani huganda usiku na kuwa barafu isiyoonekana. Hapo ndipo alipojifunza kwamba hakuna tairi moja linalofaa kwa kila baridi.

Mkitaka kujua tofauti hizo, ni hivi. Kwenye barafu, meno ya mpira hayasaidii kitu hata yawe marefu namna gani, kwa sababu hayawezi kuuma. Kinachosaidia ni vipini vidogo vya chuma kigumu vilivyopachikwa katika tairi, navyo huchoma barafu. Mji wa Oulu, kaskazini mwa Ufini, unasifika kwa watu wake kuendesha baiskeli mwaka mzima, watoto wa shule wakiwemo, na mwaka 2013 uliandaa kongamano la kwanza la kimataifa la uendeshaji wa baiskeli wakati wa baridi. Lakini kwenye theluji nene na laini, kama ile ya Alaska, vipini pekee havitoshi. Huko wameunda matairi manene ya inchi 4 au zaidi, mapana kuliko kiganja cha mkono, yanayojazwa upepo kidogo sana, chini ya pauni 10 kwa inchi ya mraba, ili yaelee juu ya theluji badala ya kuikata. Tena mpira wa kawaida hukakamaa katika baridi kali na kupoteza mshiko, ndiyo maana matairi ya baridi hutengenezwa kwa mpira laini zaidi. Mtu akiyachukua matairi hayo yenye vipini na kuyaendesha kwenye lami kavu, hupata kelele na uzito, na faida haioni.

Sasa turudi kwetu. Tanzania ni nchi moja, lakini ardhi zake ni nyingi. Kwenye mchanga wa pwani, tairi pana lenye upepo mdogo ndilo linalopita, na jembamba huzama. Katika nyika kavu za Dodoma adui ni miiba ya migunga, na wazee hukata ukingo wa tairi kuukuu na kulivalisha ndani ya tairi zima. Baiskeli huwa nzito, lakini mwiba haufiki kwenye tyubu. Kwenye lami, kama ile ya kutoka Lusahunga kwenda Rusumo ambako malori ya Rwanda hupita usiku na mchana, tairi lenye meno madogo au lisilo na meno ndilo linaloshika vizuri, hata lami ikiwa imelowa. Wengi hawaamini hilo. Gurudumu la baiskeli ni jembamba, na kwa mwendo wetu hulisukuma maji pembeni lenyewe. Meno marefu hupunguza tu eneo la mpira linalogusa barabara.

Kwa tope letu kuna njia mbili, na zote zina hekima. Ya kwanza ni ya baiskeli zetu kubwa za inchi 28, zile za fremu nyeusi ambazo baba zetu walizipanda. Tairi lake lina upana wa inchi moja na nusu tu, kwa hiyo hupenya utando laini na kutafuta sakafu ngumu iliyo chini. Ya pili ni ya baiskeli za gia, zenye magurudumu ya inchi 26 na matairi ya upana wa karibu inchi 2. Haya hayapenyi kwa urahisi, bali hushika kwa meno. Mwenye kuyanunua aangalie nafasi iliyopo kati ya jino na jino. Meno yaliyosongamana hujaa tope katika mzunguko wa kwanza, na kuanzia hapo umepanda donge la udongo. Meno yaliyoachana hulitupa tope kila gurudumu linapozunguka. Tena aangalie nafasi kati ya tairi na madigadi, kwa maana tairi pana kupita kiasi hukwama. Ndiyo sababu mnawaona makatekista wetu wakiwa na kijiti cha kukwangulia kilichochomekwa kwenye keria, na wengine huzifungua madigadi kabisa mvua zikikolea.

Kisha kuna upepo. Hili halina gharama, nalo husahaulika. Kijana mwenye pampu hupenda kujaza hadi tairi liwe gumu kama jiwe, akidhani amelitendea vyema. Tairi gumu hukimbia vizuri kwenye lami, lakini kwenye utelezi hugusa ardhi kwa sehemu ndogo tu. Ukipunguza upepo kidogo, tairi hulala, eneo la kugusa huongezeka, na meno mengi zaidi hufanya kazi kwa pamoja. Usipunguze kupita kiasi, hasa ukiwa na mzigo, kwa sababu ukipiga jiwe rimu itaibana tyubu na kuitoboa matundu mawili yanayotazamana. Ubavuni mwa tairi kumeandikwa kiwango cha chini na cha juu. Katika mvua kaa karibu na cha chini, na ukifika lami jaza tena. Mkumbuke pia kwamba rimu za chuma zikilowa breki hushika kwa shida sana, hata tairi liwe bora kiasi gani. Kwenye mteremko shuka taratibu tangu juu.

Narudi sasa kwenye mkutano wa kamati, mahali ambapo mvutano ulikuwa mkali. Mzee mmoja, mtu aliyebeba ndizi na kahawa kwa baiskeli tangu ujana wake, alisema kwamba tairi zuri hukaa nyuma, na kwamba amefanya hivyo miaka yote. Hoja yake ilikuwa na nguvu. Nyuma ndiko kuna mzigo. Nyuma ndiko nguvu ya kukanyaga hupokelewa. Tairi la nyuma huisha haraka kuliko la mbele, kwa hiyo ndilo linaloonekana kuhitaji. Na anayebeba gunia zito hawezi kuweka nyuma tairi lililochoka, maana litapasuka njiani.

Fundi wetu, ambaye kwa kawaida hasemi sana, alimjibu kwa heshima: “Shikamoo Mzee wangu, hayo ni kweli. Lakini nyuma likiteleza, baiskeli inayumba na wewe unaikamata. Mbele likiteleza, huna cha kukamata.” Kisha akaeleza desturi yake. Tairi la nyuma likiisha, halinunuliwi la nyuma. Linaondolewa, lile la mbele ambalo bado lina meno linahamishiwa nyuma, na jipya linawekwa mbele. Kwa namna hiyo la mbele huwa jipya daima, na la nyuma huwa bado lina uhai. Aliongeza kwamba tairi la mbele huenda halionekani kuchakaa, ila huzeeka kimya kimya kwa jua na miaka, mpira ukakakamaa na kupata nyufa.

Mzee alinyamaza kidogo, akasema, “Hata mimi nilipovunjika mguu nilikuwa nimeteleza mbele.” Watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Hapo mgawanyiko ukaisha. Tulinunua matairi manane bora, moja kwa kila baiskeli, yakawekwa mbele. Yale ya mbele yaliyokuwa bado mazima yakahamishiwa nyuma. Mawili tu yalionekana kuwa kipara kiasi cha kutofaa popote, na wajumbe wawili wakajitolea kuyagharimia ya badala yake.

Wapendwa, nimelitafakari jambo hili katika sala zangu za kipindi hiki cha Majilio, na ningependa kuwashirikisha mambo mawili.

La kwanza ni juu ya kujiandaa kabla. Katika sura ya 25 ya Injili ya Mathayo, Bwana wetu anasimulia habari za wanawali kumi waliokwenda kumlaki bwana arusi. Wote walikuwa na taa, na wote walisinzia. Tofauti yao ilikuwa katika mafuta, na mafuta hayo yalipaswa kununuliwa mchana, wakati maduka yako wazi. Usiku wa manane hapakuwa na namna. Tairi la mvua hununuliwa kiangazi. Katikati ya mteremko, ukiwa umeshaanza kuteleza, huwezi kushuka ukabadilisha. Vivyo hivyo subira ya siku ya msiba haipatikani siku ya msiba. Upatanisho na ndugu haufanyiki kirahisi kitandani pa hospitali, sauti ikiwa imekatika. Majilio ni kiangazi ambacho Kanisa linatupatia kila mwaka, hata kama nje mvua inanyesha.

La pili ni juu ya mbele na nyuma. Wengi wetu tunaweka tairi jipya pale penye mzigo. Tunaijali sehemu ya maisha inayoonekana kuchoka, yaani kazi, shamba, ada za watoto, ujenzi wa nyumba. Ni haki kuijali, kwa sababu ndiyo inayobeba. Lakini sehemu inayoongoza, ile inayochagua njia na kuitikia kona, tunaiacha na mpira wa zamani kwa kuwa hailalamiki. Dhamiri hailalamiki kwa sauti. Sala hailalamiki. Mume na mke wanaweza kukaa miezi bila kuongea kwa kina na nyumba ikaonekana inakwenda. Siku ya utelezi ndipo inapojulikana. Mkiwa na nguvu kidogo msimu huu, na sote tuna kidogo, iwekeni mbele kwanza. Nyuma kutayumba, lakini mtaweza kushika.

Hata hivyo nisiwadanganye kwamba maisha ya Kikristo yana tairi moja kwa wote. Mtume Paulo aliwaeleza Wakorintho jinsi alivyojua kuishi na kila kundi kwa hali ya kundi hilo, ili apate kuwavuta kwa Kristo. Kijana aliye mjini Mwanza anateleza mahali tofauti na mama mjane wa kijijini. Mwanaparokia wetu aliye Ulaya katika giza la saa kumi jioni anahitaji kushikwa na kitu kingine. Tusiwahukumu wenzetu kwa meno ya matairi yetu.

Ningekuwa sijatenda haki kama nisingetaja jambo moja la huzuni. Tairi la upepo tunalolijua lilibuniwa mwaka 1888 mjini Belfast na John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo, kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Lilitokana na upendo wa baba. Lakini dunia ilipolihitaji kwa wingi, mpira ulitafutwa kwa ukatili mkubwa huko Kongo, jirani zetu, chini ya mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, hadi nchi hiyo ilipoondolewa mikononi mwake mwaka 1908. Watu waliuawa na wengine wakakatwa mikono kwa ajili ya mpira. Kitu chema chaweza kupita katika mikono miovu. Anayetumia leo akumbuke, awaombee marehemu hao, na aulize ni jasho la nani lililomo katika vitu anavyovinunua.

Na kuna upande wa faraja. Bingwa wa Italia Gino Bartali, Mkatoliki wa sala, alishinda mbio kuu za Ufaransa mwaka 1938 na tena mwaka 1948. Kati ya miaka hiyo, vita vikiwa vimepamba moto, aliendesha kati ya Firenze na Assisi akiwa ameficha ndani ya bomba la baiskeli hati zilizowasaidia Wayahudi kuokoka. Askari walidhani anafanya mazoezi. Maisha yake yote hakupenda kulisimulia jambo hilo, na alitambuliwa rasmi huko Yerusalemu mwaka 2013, miaka 13 baada ya kifo chake. Baba Mtakatifu Pius wa Kumi na Mbili naye alimtangaza Bikira Maria wa Ghisallo kuwa msimamizi wa waendesha baiskeli mwaka 1949, na katika kikanisa chake kaskazini mwa Italia zimetundikwa baiskeli za mabingwa. Nadhani Mama huyo anazitazama pia zetu zenye tope.

Kwa hiyo naomba kila familia ifanye mambo matatu kabla ya Noeli. Kwanza, ikagueni baiskeli ya nyumbani, hasa tairi la mbele. Mkiona nyufa, msingoje. Pili, kila jumuiya ndogo ndogo imuulize katekista wake anahitaji nini njiani, kwa maana wengi wao hawatasema. Tatu, kila mmoja ajiulize mbele ya Sakramenti Kuu ni nini kinachoyaongoza maisha yake, na mara ya mwisho alikikagua lini.

Katekista wetu aliyeanguka amepona, na ameanza tena kwenda kigangoni. Tumwombee yeye na wenzake wote wanaotoka kabla ya jua kuchomoza ili sisi tupate Neno la Mungu.

Nawatakia Dominika njema na Majilio yenye matunda. Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.